Nairobi hadi New York: kilomita ni zilezile, mbona saa hazilingani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru:

"Mzee, shikamoo. Mama yangu ana miaka 67 na anatumia dawa za presha. Januari anasafiri kwenda kumwona kaka yangu New York, kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Nimetafuta umbali nikakuta namba tatu tofauti: 11,840, 7,357 na 6,390. Nikasoma kwamba ndege yenyewe hukimbia kilomita 900 kwa saa. Nimegawanya, nikapata saa 13 na kidogo. Tiketi inasema saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Tena imeandikwa kuondoka Ijumaa 23:55, kufika 06:55, na mimi hapo nahesabu saa 7 tu! Kaka anasema kurudi ni haraka kwa sababu dunia inazunguka. Nani yuko sahihi? Na je, si afadhali mama apitie Doha au Amsterdam apumzike kidogo?"

Marahaba, binti yangu. Hesabu yako ya kugawanya haina kosa. Ila umempigia mama hesabu ya kilomita, na anga haliuzi kilomita. Wewe ni mtu wa Nakuru, hili unalijua kuliko unavyodhani. Ukimuuliza makanga Nakuru hadi Nairobi ni mbali kiasi gani, hatakuambia kilomita 160. Atakuambia saa mbili na nusu, kisha ataongeza: "kama Gilgil hakuna jam." Mimi nimestaafu kazi hiyohiyo ya makanga, ila yangu ilikuwa ya chumbani: kupanga safari za ndege. Rubani anapofika kazini, njia, mafuta na uzito vimeshakokotolewa na watu wa chumba kile, yeye anakagua na kutia saini. Kwa hiyo nitakujibu kwa jinsi tulivyokuwa tukifanya.

Tuanze na namba zako tatu, maana hizo ni nyepesi. Zote ni umbali uleule. 11,840 ni kilomita. 7,357 ni maili za nchi kavu, zile za kwenye barabara za Marekani, ambazo kila moja ni kilomita 1.609. Na 6,390 ni maili za baharini, ambazo moja ni kilomita 1.852, na ndizo marubani na manahodha wanazotumia. Maili ya baharini haikubuniwa ovyo. Chukua duara la dunia, ligawe nyuzi 360, kila nyuzi igawe dakika 60: dakika moja ya duara hilo ndiyo maili moja. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy kuna nyuzi 106 na nusu hivi za duara la dunia. Zidisha kwa 60, utaangukia palepale kwenye 6,390.

Lakini kuna neno nimelipitisha hapo kwa haraka, nalo ni duara. Ukichukua ramani ile ya ukutani ya darasani, ukaweka rula kutoka Nairobi hadi New York, rula itapita Congo, Kamerun, Nigeria, Burkina Faso, itokee Mauritania na kuingia baharini. Ukipima njia hiyo juu ya dunia yenyewe utapata karibu kilomita 12,200. Sasa liache karatasi, chukua mpira wa miguu, chora alama mbili, vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi uliokazwa unapanda juu zaidi kaskazini, na ndio njia fupi. Hiyo ndiyo kilomita 11,840. Kilomita zaidi ya 350 zimeokolewa kwa kuikubali tu dunia kuwa ya mviringo.

Na uzi huo unapita wapi? Hapa utafurahi. Kutoka Nairobi unaelekea kaskazini-magharibi, na unapita kama kilomita 20 tu kutoka Nakuru, upande wa kusini-magharibi. Kisha unapita pembeni mwa Mlima Elgon, unakata Uganda, Sudan Kusini na ukingo wa Darfur, unaingia Chad na Niger, unachanja jangwa la Algeria, unatokea bahari ya Atlantiki kwenye pwani ya Morocco karibu na mji wa Safi. Baharini unapita juu ya visiwa vya Azores vya Ureno. Unazidi kupanda mpaka kusini mwa Newfoundland, kwenye nyuzi 42 kaskazini, na kutoka hapo, ajabu, unaanza kushuka kidogo kuelekea kusini hadi New York. Mtu akitazama kile kioo cha ramani mbele ya kiti chake anaona ndege imepinda kama upinde na kudhani rubani anazunguka bure. Kilichopinda ni karatasi.

Sasa jua kwamba hakuna ndege inayoufuata uzi huo hatua kwa hatua. Angani kuna njia, kuna vituo vya kupita, kuna nchi zinazofungua anga na zinazofunga. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga la Sudan lilifungwa, na ndege zilizozoea kukata pale zikalazimika kuzunguka. Libya nayo kwa miaka mingi si mahali pa kupitisha abiria. Kwa hiyo kwenye makaratasi yetu tulikuwa tunaongeza asilimia mbili, tatu, siku nyingine zaidi. Tuseme kilomita 300 za ziada. Umbali wa kweli wa mama yako unakuwa kama 12,140.

Hapo ndipo upepo unapoingia, na upepo ndio kiini cha swali lako.

Zile kilomita 900 kwa saa ulizosoma ni kweli. Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari hii tarehe 28 Oktoba 2018, husafiri kwa asilimia 85 ya mwendo wa sauti, ambayo kwenye baridi ya huko juu ni kama kilomita 900 kwa saa. Lakini ni 900 ndani ya hewa. Hewa yenyewe nayo inatembea. Fikiria mtu anayepiga makasia mtoni: mikono yake inafanya kazi ileile, ila akipanda mto miti ya ukingoni inapita polepole, akishuka nao inampita mbio. Bawa la ndege halijui ardhi iko wapi, linajua hewa tu. Sisi abiria ndio tunaohesabu miti.

Huko juu, kati ya kilomita 9 na 12 kutoka ardhini, kuna mikondo mikubwa ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mmoja unapita juu ya Sahara ya kaskazini wakati wa baridi, mwingine unavuma Atlantiki ya kaskazini kati ya Marekani na Ulaya. Januari, mwezi wa safari ya mama, ndio msimu wake wa nguvu. Kilomita 200 kwa saa katikati ya mkondo si habari, na siku nyingine unapita 300. Unatokana na tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha ya dunia, na Januari tofauti hiyo inakuwa kubwa kwa sababu kaskazini kumeganda wakati huku kwetu jua ni lilelile.

Si safari yote inayokumbana nao. Kutoka Nairobi hadi Chad upepo wa juu huwa dhaifu, pengine hata unasukuma kidogo kutoka nyuma. Shida huanza Sahara na kuendelea. Kwa hiyo tukiwastanisha njia nzima, tuchukulie upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa. Ndege inayokwenda 900 hewani inakwenda 850 juu ya ardhi. Gawanya 12,140 kwa 850: saa 14 na dakika 17. Kurudi, upepo uleule ukiwa nyuma, inakwenda 950: saa 12 na dakika 47. Bila upepo ingekuwa saa 13 na dakika 29 kwenda na kurudi.

Tazama vizuri hizo namba. Upepo ulimchelewesha mama dakika 48, ukamrudishia 42 tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kubisha nusu siku kwamba lazima vifutane. Havifutani, kwa sababu ukipingana na upepo unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko unapobebwa nao. Shirika linalopanga mafuta kwa kudhani kwenda na kurudi kunasawazika litaaibika mbele ya watu.

Bado hatujafika saa 15. Muda wa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu ndege inapoacha ardhi. Unahesabiwa tangu magurudumu yanaposogea kwenye maegesho Nairobi hadi yanaposimama kwenye maegesho New York. Humo kuna kuburuzika hadi barabara ya kurukia, kupanda ukiwa na mwendo mdogo na tumbo limejaa mafuta, foleni ya kutua asubuhi, na kuburuzika tena New York, uwanja ambao kutoka kutua hadi mlangoni kunaweza kula dakika 20 peke yake. Weka dakika 35 kwa jumla, siku njema. Unafika saa 14 na dakika 52. Shirika linaongeza kidogo la tahadhari, kwa sababu abiria anasamehe kufika mapema na hasamehi kuchelewa, na hapo unapata saa 15 zako. Kurudi unapata 13 na dakika 22, wao wanaandika 14. Kwa hiyo usishangae mama akifika Nairobi kabla ya saa iliyoandikwa na nahodha akatangaza kwa majigambo kwamba tumewahi. Ile nusu saa ilikuwa imeshawekwa akiba tangu tiketi ilipokatwa.

Kuna kazi moja niliyokuwa naipenda hapa. Njia fupi ya kilomita si lazima iwe njia fupi ya saa. Usiku mwingine mkondo ukikaa kifua mbele kwenye Atlantiki, tulikuwa tunaivuta njia kusini zaidi, mbali na uzi wetu, tunaongeza kilomita mia mbili au tatu kwa makusudi, na ndege inafika mapema kuliko ingepita njia iliyonyooka. Ndiyo maana mama akipiga picha ya ile ramani ya kitini na wewe ukailinganisha na ya mtu aliyesafiri wiki iliyopita, hazitafanana.

Sasa kaka yako na dunia yake. Mpe heshima, maana wazo hilo lina watu wengi, wakiwemo wenye digrii. Lakini hebu tulipime. Kwenye Ikweta ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ikishapaa inaachwa na dunia izunguke chini yake, basi ingekuwa rahisi kwenda magharibi, si mashariki: ungening'inia juu ya Nakuru saa mbili tu na Atlantiki ingekuja yenyewe. Na helikopta ikiruka Mombasa na kusimama angani nusu saa, ingeshukia mbali sana kupita Taita. Haiwi hivyo kwa sababu hewa inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa. Ana robo ya haki, lakini: mzunguko wa dunia ndio unaoipinda hewa inayotoka tropiki kwenda kaskazini ikageuka kuwa ule upepo wa magharibi. Kwa hiyo mwambie dunia inahusika, ila kupitia kwa upepo. Sidhani atakubali siku ya kwanza.

Tuje kwenye saa 7 zako. Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali pale ndege ilipo. 23:55 ni saa ya Nairobi, 06:55 ni ya New York. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Mama akiondoka saa 5:55 usiku, ongeza saa 15, kwetu ni saa 8:55 mchana wa Jumamosi. Toa 8, kule ni saa 12:55 asubuhi, Jumamosi hiyohiyo. Kurudi hesabu inageuka: akiondoka kule saa 6:30 mchana, baada ya saa 14 kule ni saa 8:30 usiku, ongeza 8, anatua Nairobi saa 4:30 asubuhi ya siku ya pili, na kwenye karatasi inaonekana kama amesafiri saa 22. Wamarekani hubadili saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha. Kati ya hapo tofauti yetu ni saa 7. Sisi hatubadili kitu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye saa, niseme lile linalowaumiza watu wetu kuliko upepo wowote. Tiketi haijui saa za Kiswahili. Nimewaona wazee wameambiwa kwa simu ndege ni "saa tano", wakafika uwanjani saa tano asubuhi na mabegi yao, wakakaa kutwa nzima. Hao wana bahati. Wasio na bahati ni wa usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 15, kwa mtu wetu ule bado ni usiku wa tarehe 14, kwa sababu siku yetu haianzi katikati ya usingizi. Familia moja niliyoifahamu ilikuja uwanjani usiku wa tarehe 15, watu wanane na keki ya kuaga, ndege ikiwa imeondoka karibu saa 24 zilizopita. Ya mama yako ni 23:55, imebaki dakika tano tu uingie mtego huo. Wakibadilisha ratiba ikawa 00:10, soma tarehe mara mbili.

Ndege kuondoka usiku wa manane si kwa bahati mbaya, kuna sababu ya kiufundi inayotuhusu sisi watu wa nyanda za juu. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ya mchana wenye joto ni nyepesi zaidi; bawa linapata kidogo cha kushika na injini inapata kidogo cha kuvuta. Ile 787 uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni karibu tani 228, na inakula takriban tani 5 za mafuta kwa saa. Kwa safari ya saa 14 angani unazungumzia tani 70 na kitu kabla hujaweka akiba: asilimia 5 ya dharura ya njiani, ya kufika uwanja mbadala kama New York imefungwa na theluji, na ya nusu saa ya kuzunguka juu yake. Halafu mafuta yenyewe yanakula mafuta. Ukipakia tani moja ya ziada Nairobi, robo yake au zaidi itakuwa imeteketea kwa kazi ya kubeba hiyo tani hadi Marekani. Usiku kuna baridi, barabara ya kurukia ni ndefu, zaidi ya mita 4,100, na kwa hiyo inawezekana kuondoka na abiria na mafuta ya kutosha. Adisi Ababa, mita 2,334, wana taabu zaidi: kwa miaka mingi ndege za Ethiopian za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, kwa kipindi kimoja mjini Dublin, lakini za kurudi zinakuja moja kwa moja, kwa kuwa zinaruka kutoka uwanja wa chini na upepo uko nyuma.

Usiku huo una jambo lingine ambalo mama atalishangaa. Ndege inakimbia magharibi na giza linakimbia magharibi. Januari jua linazama Nairobi kama saa 12:40 jioni, na New York linachomoza karibu saa 1:15 asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa 9 na robo alasiri. Hivyo mama atakuwa na usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Atalala, ataamka, atakula, atalala tena, na dirishani ni giza tu. Waumini wa Kiislamu huniuliza alfajiri inaingia lini katika safari hii. Kwa kawaida mwanga wa kwanza huanza kuonekana nyuma ya ndege, upande wa mashariki, katika saa chache za mwisho kabla ya kutua, kwa hiyo wasikae kuitazamia kwa saa ya Nairobi.

Kuhusu Doha na Amsterdam, hapa nina msimamo. Doha ni ya kukataa kama lengo ni kupumzika. Nairobi hadi Doha ni kilomita 3,350 kuelekea kaskazini-mashariki, kinyume kabisa na unakokwenda, na kutoka Doha hadi New York zimebaki 10,770. Jumla 14,120. Baada ya saa tano za kwanza na kusubiri uwanjani, mama bado ana kipande kirefu cha saa kama 14 mbele yake. Umempunguzia nini? Amsterdam ni hoja yenye uzito zaidi: kilomita 6,680 na 5,850, jumla 12,530, yaani ni kupinda kidogo tu, na kila kipande ni saa nane hivi. Kwa kijana mwenye mgongo mbovu ningesema pitia Amsterdam, nyoosha miguu. Kwa mama wa miaka 67 anayesafiri peke yake, pengine Kiingereza cha haraka cha uwanjani hakimkai sikioni, kubadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa alfajiri ya baridi kunachosha kuliko kiti. Mizigo inaweza kubaki, na ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haimngoji. Ningempeleka moja kwa moja.

Na kiti chenyewe si kibaya kama unavyoogopa. Chumba cha abiria cha 787 hubanwa hewa hadi kiwe kama mtu yuko futi 6,000, ambazo ni mita 1,830. Ndege nyingi za zamani ni futi 8,000, mita 2,440, juu kuliko Eldoret. Nakuru mji wenu uko mita 1,850 hivi. Kwa mapafu yake mama atakuwa amekaa nyumbani. Kinachotofautiana ni ukavu wa hewa, kwa hiyo anywe maji mara kwa mara bila kungoja kiu, na chai asiitegemee. Kila baada ya saa mbili akiwa macho ainuke, atembee hadi nyuma na kurudi, na akikaa achezeshe vifundo vya miguu, kwa sababu damu iliyosimama miguuni saa nyingi inaweza kuganda. Kiti cha ujiani kitamrahisishia, dirishani kama nilivyosema hana cha kuona. Soksi za kubana zinasaidia, lakini kwa kuwa ana presha aulize daktari wake kwanza, na amuulize papo hapo dawa azimeze saa ngapi. Saa ya ukutani itarudi nyuma 8, mwili wake haurudi. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye paketi zake zenye maandishi. Omba pia msaada wa kiti cha magurudumu saa 48 kabla. Hautozwi, na hata kama anatembea vizuri unamvusha foleni ya uhamiaji akiwa na mtu wa kumwelekeza.

Usiwe na hofu na injini mbili juu ya bahari. Ndege ya aina hiyo hairuhusiwi kupangiwa njia ambayo, injini moja ikizima, itakosa uwanja ndani ya muda uliowekwa kwa injini moja iliyobaki. Visiwa vile vya Azores nilivyokutajia, pamoja na uzuri wake, kwetu chumbani vilikuwa viwanja viwili: Lajes na Santa Maria. Kila usiku tulikuwa tunasoma hali yao ya hewa ingawa hakuna aliyekusudia kutua huko. Na mbele kuna marubani wanne wanaopokezana, hakuna anayeendesha saa 15 mfululizo.

Kaka yako asije uwanjani saa 12:55 asubuhi akaanza kupiga simu saa moja kamili kwamba mama haonekani. Uhamiaji na mizigo vinaweza kuchukua saa moja na nusu, asubuhi ndege nyingi hutua pamoja. Mwambie aweke namba ya ndege kwenye simu yake Ijumaa usiku wa kwenu; huko kwake itakuwa bado ni saa 10 jioni ya Ijumaa, na ndio wakati mama anapoondoka. Afike saa mbili asubuhi, Jumamosi. Na aje na koti zito mkononi, kwa sababu la mama litakuwa kwenye begi la chini.